Wanaume Wote Uwanjani: Mhadhara Kuhusu Misako ya Kijeshi Vijijini



Nimeombwa nizungumze juu ya mwanajeshi na mwanakijiji. Ni uwanja mpana, na nikiuzungukia wote tutalala hapa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mlima mmoja na msimu mmoja: Mlima Elgon, upande wa Kenya, kuanzia Machi 2008. Nikitoka hapo nitatoka kwa muda mfupi tu, kisha nirudi.

Machi 2008 macho ya Kenya nzima yalikuwa Nairobi. Tarehe 28 Februari Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walikuwa wametia saini mapatano mbele ya mpatanishi Kofi Annan, na watu walikuwa ndio kwanza wanashusha pumzi baada ya ghasia za uchaguzi. Majuma mawili hayajatimia tangu saini hizo, serikali ikapeleka jeshi Mlima Elgon katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Magazeti yaliripoti, lakini nchi iliyochoka kulia haikuwa na machozi ya ziada kwa ajili ya wilaya moja ya mpakani.

Lazima niseme kwanza kwa nini jeshi lilikwenda, maana bila hilo nitakuwa nimewadanganya kwa kunyamaza. Mlimani palikuwa na kundi lenye silaha, Sabaot Land Defence Force, lililochipuka mnamo 2005 na 2006. Liliua, liliteka, liliwatoza watu kodi kwa nguvu, lilikata wanakijiji masikio. Mashirika ya haki za binadamu yanakadiria kwamba liliua zaidi ya watu 600. Makumi ya maelfu walihama. Kwa hiyo malori ya jeshi yalipoanza kupanda mlima, wapo wenyeji wengi waliofurahi. Walikuwa wameomba ulinzi kwa muda mrefu, na polisi walikuwa wameshindwa kuwapa.

Na nyuma ya kundi hilo kulikuwa na shamba. Mwaka 1968 Chepkitale, juu kabisa mlimani, ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na wakazi wake wakatakiwa kushuka. Mwaka 1971 ukaanzishwa mpango wa makazi wa Chebyuk ili kuwapa ardhi mbadala. Ardhi haikutosha, au ilitosha ikapewa wasiostahili. Hapo inategemea unamuuliza nani. Ikaja awamu ya pili, ikaja ya tatu, na kila awamu ilimwondoa mtu aliyekuwa amekwisha kupanda mahindi, kujenga na kuzika wazazi wake hapo. Wamosop na Wasoy, koo za kabila lile lile la Wasabaot, wakageuziana migongo. Wanasiasa waliahidi kila upande shamba lile lile. Ugawaji wa awamu ya tatu ulipofanyika, vijana waliokosa walikuwa tayari wanatafuta bunduki.

Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu serikali haikupeleka mpima ardhi. Ilipeleka jeshi.

Sasa tuangalie lilivyofanya kazi. Ushuhuda uliokusanywa na Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, na Human Rights Watch, na IMLU, lile shirika la madaktari na wanasheria, na wenyeji wenyewe wa Western Kenya Human Rights Watch, unafanana kiasi cha kuchosha. Wanajeshi wanaingia kijijini. Wanakusanya wanaume, wote: mzee, kijana, mwalimu, mwenye duka, mgonjwa, na hata wavulana. Wanawapandisha malori. Wanawapeleka kambini, na kambi iliyotajwa kuliko zote ni Kapkota. Huko wanapigwa. Wanapangwa mstari na kupitishwa mbele ya watoa habari, ambao wao wenyewe hawaonekani wazi, nao wanaonyesha: huyu ndiye, huyu siye. Aliyeonyeshwa anapigwa zaidi ili aseme silaha zilipo. Asiyeonyeshwa anaachiliwa, akiwa na majeraha yake, atembee kurudi nyumbani. Na wapo ambao hawakurudi, wala hawakufikishwa mahakamani.

Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2008 ilibeba jina lenye maana kwamba wanaume wote wamekwenda. Sioni haja ya kuwasomea aina za mateso moja baada ya nyingine. Waliotaka kuzijua wameshazijua, na nina wasiwasi na hadhira inayosisimka kwa orodha za namna hiyo. Inatosha kusema kwamba madaktari waliwapima watu kwa mamia, na walichokiona kwenye ngozi na mifupa kililingana na kile wagonjwa walichosimulia.

Ninachotaka mkishike ni mpangilio. Wengi wetu tukisikia kuhusu mateso tunamfikiria askari mmoja mwenye hasira, mlevi, aliyeachiwa bila msimamizi. Askari wa namna hiyo yupo. Lakini askari mlevi hapangi malori. Hatengi uwanja, wala haleti watoa habari. Kapkota ilikuwa utaratibu, na utaratibu wenyewe una kanuni moja: kusanya kwanza, kosa litatafutwa baadaye. Ukishaikubali kanuni hiyo, mateso yanafuata yenyewe, kwa sababu una wanaume mia kadhaa uwanjani, huna ushahidi dhidi ya hata mmoja, una siku chache, na mkubwa wako anasubiri idadi ya bunduki zilizopatikana. Ungefanya nini kingine? Upelelezi unahitaji muda, na muda hukupewa.

Sheria ya wakati huo haikuwa na utata. Katiba ya zamani, kifungu cha 74, ilikataza mateso. Kifungu cha 72 kilitaka mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu katika muda wa saa 24, au siku 14 kama kosa ni la kunyongwa. Hakikuweka kipengele cha milimani.

Kanuni ya uwanja ni kongwe kuliko jeshi la Kenya. Katika vita vya Mau Mau Waingereza walizoea kuzingira kijiji au mtaa, kuwakusanya watu na kuwapitisha mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa hivi, umepona. Akitikisa vile, umekwenda kizuizini. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, walifanya hivyo kwa jiji zima la Nairobi. Uhuru ulipokuja tulibadilisha bendera, wimbo na majina ya barabara. Uwanja tuliuacha ulivyo.

Februari 1984 uwanja huo ulikuwa kiwanja cha ndege cha Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kuanzia tarehe 10 wakawekwa juani, wengi wakiwa wamevuliwa nguo, bila maji, kwa siku kadhaa. Wengine walipigwa risasi. Serikali ilisema wamekufa watu 57. Miaka kumi na sita baadaye ikakubali 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikisia karibu 1,000, na wenyeji wanataja maelfu. Tazameni jinsi namba hizo zinavyoachana. Maiti hazikuhesabiwa kwa sababu walio hai hawakuwa wameandikwa.

Na kwa jirani zetu: tarehe 11 Julai 1989, katika stesheni ya Mukura, upande wa Teso nchini Uganda, si mbali sana na mlima huo huo wa Elgon, wanajeshi wa NRA, jeshi la serikali ya wakati huo, waliokuwa wakisaka waasi waliwakusanya vijana na kuwafungia ndani ya behewa la treni. Watu 69 walikosa hewa wakafa. Waganda wenye umri wanakumbuka pia misako ya enzi ya serikali ya pili ya Rais Milton Obote, ambayo mpaka leo wanaiita panda gari, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo amri iliyotoka midomoni mwa askari.

Kuna methali ambayo kila tukizungumza mambo haya mtu huitoa: wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Ninaiheshimu methali, lakini hapa inapotosha. Nyasi huumia kwa bahati mbaya. Fahali hakuwa na habari nazo. Wanaume wa Cheptais na Kaptama, huko Mlima Elgon, hawakukanyagwa kwa bahati mbaya. Walifuatwa nyumbani kwao, mmoja mmoja, wakapakiwa. Na kabla ya hapo lile kundi la waasi nalo lilikuwa limewafuata nyumbani, likawataka wachange, wale kiapo au watoe mtoto wa kiume. Mwanakijiji ndiye aliyepiganiwa, maana kila upande ulijua kwamba bila yeye hakuna chakula wala habari. Waasi walimpiga ili asiseme. Jeshi likampiga ili aseme.

Serikali ilikana mateso. Jeshi likakana. Hilo halishangazi, la kushangaza ni jinsi lilivyokuwa rahisi. Fikirini njia ambayo mwanamume aliyetoka Kapkota alipaswa kupita ili ashtaki. Kwa Kenya, shambulio la mwili huthibitishwa kwa fomu ya P3. Fomu hiyo hutolewa kituo cha polisi. Daktari huijaza, kisha inarudi kituoni. Sasa mtu huyu, anayechechemea, aende kituo kile kile ambacho maafisa wake walikuwa sehemu ya operesheni ile ile, aseme, afande, naomba fomu nikawashtaki wenzako. Wapo walioomba, na ninawavulia kofia. Wengi walikwenda kwa waganga, kwa zahanati za wamishenari, kwa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), au walikunywa dawa za maumivu na kukaa kimya.

Mamia ya wengine walipelekwa mahakamani Bungoma na kushtakiwa kwa kuchochea vita. Huko angalau palikuwa na jaji au hakimu, na karani, na daftari. Kesi nyingi ziliporomoka kwa kukosa ushahidi. Lakini angalieni jambo hili, kwa sababu kwangu ndilo kiini cha mhadhara huu: aliyefikishwa Bungoma, hata akiwa amevunjika mkono, alikuwa na bahati kubwa kuliko mwenzake. Jina lake lilikuwa limeandikwa. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema hatumjui.

Wasioandikwa ndio waliopotea. Mashirika yalihesabu zaidi ya watu 300 waliotoweka katika mgogoro ule, baadhi mikononi mwa waasi na baadhi mikononi mwa jeshi. Kiongozi wa waasi, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei 2008, na kwa upande wa usalama operesheni ikahesabiwa kuwa imefaulu. Kwa upande wa wake za waliotoweka ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mume hayupo, mwili haupo, kaburi halipo. Bila mwili hakuna cheti cha kifo. Bila cheti mirathi haifunguliwi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake huhesabiwa kuwa amekufa. Miaka saba! Mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa Machi 2008 angengoja mpaka Machi 2015 ndipo aanze kuomba karatasi ya kumwezesha kudai shamba. Na shamba lenyewe ni lile la Chebyuk, ambalo hata waume walio hai walishindwa kuthibitisha kuwa ni lao. Ndugu wa mume hawangoji miaka saba. Majirani waliokuwa wakililia lile shamba hawangoji pia.

Nimewahi kusikia wasomi wakisema kwamba ardhi na mateso ni mada mbili, za wataalamu wawili, zenye makongamano mawili. Mjane huyo hana anasa hiyo.

Sasa twendeni mahakamani, kwa sababu nataka muone milango miwili.

Aprili 2010, IMLU ilifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, ikiishtaki Kenya kwa yaliyotendeka Mlima Elgon. Hoja ilikuwa kwamba Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unazitaka nchi wanachama ziheshimu utawala wa sheria na haki za binadamu, na kwamba Kenya kwa kukataa kuchunguza inaendelea kuuvunja kila siku. Kitengo cha kwanza cha mahakama kikakubali kusikiliza. Kenya ikakata rufaa. Tarehe 15 Machi 2012 Kitengo cha Rufaa kikasema: ibara ya 30 ya Mkataba inatoa miezi miwili tu tangu tendo lilipotokea au lilipojulikana kwa mlalamikaji, Mkataba haumpi jaji mamlaka ya kuongeza hata siku moja, wala hautambui uvunjaji unaoendelea. Shauri likafa pale. Hakuna aliyesema mateso hayakutokea. Hakuna aliyesema yalitokea. Lilikufa kwa kalenda.

Miezi miwili! Majeraha mengine hayajafunga.

Mlango wa pili uko London. Wazee wa Mau Mau, Ndiku Mutua na wenzake, waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya miaka ya 1950. Uingereza nayo ilijitetea kwa muda: miaka zaidi ya 50 imepita, mashahidi wamekufa, hakuna kesi ya haki inayowezekana. Oktoba 2012, miezi saba tu baada ya uamuzi wa Arusha, Jaji Richard McCombe alikataa utetezi huo. Sababu yake kuu haikuwa huruma. Ilikuwa nyaraka. Wakoloni walikuwa wameandika: barua za magavana, ripoti za makambi, maelekezo ya kipigo kilichoruhusiwa na kisichoruhusiwa, faili kwa faili, nyingine zilizofichwa kwa miongo katika ghala la serikali la Hanslope Park na kufichuliwa mwaka 2011. Jaji akasema karatasi zipo za kutosha, kesi inaweza kusikilizwa kwa haki. Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9.

Msinielewe vibaya. Siwasifu. Pauni hizo ukizigawa hazimfikishi mzee mbali, na Uingereza ilikubali baada ya kupigania kila hatua. Lakini ni aibu, na ninaitamka nikiwa na uchungu, kwamba mkulima wa Kiafrika aliyeteswa na Mwingereza mwaka 1954 alisikilizwa London mwaka 2012, na mkulima wa Kiafrika aliyeteswa na mwanajeshi wa Kiafrika mwaka 2008 alifungiwa mlango Arusha mwaka huo huo. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa kwamba mkoloni, kwa kiburi chake, aliandika alichofanya.

Tangu hapo sheria zetu zimekuwa nzuri zaidi, na ni haki niseme hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 25, inasema uhuru dhidi ya mateso hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Ibara ya 241 inasema jeshi likipelekwa kurejesha amani ndani ya nchi, Bunge la Taifa liidhinishe kwanza. Mwaka 2017 ikapitishwa Sheria ya Kuzuia Mateso, yenye kifungo cha hadi miaka 25. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Ripoti ya Tume ya Ukweli ilikuwa imekwisha kukabidhiwa tangu Mei 2013, ikiwa na sehemu za Wagalla na za Mlima Elgon. Bunge halijawahi kumaliza nayo.

Idhini ya Bunge nayo tumeiona inavyofanya kazi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bungeni wakipinga Muswada wa Fedha. Siku hiyo hiyo jeshi likatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Siku ya pili wabunge wakaidhinisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kupitisha bajeti ya kaunti. Ni Mahakama Kuu iliyoikumbusha serikali kwamba lazima iseme jeshi linakwenda wapi, kufanya nini na mpaka lini. Hapo palikuwa Nairobi, mbele ya kamera elfu. Kapkota hapakuwa na kamera.

Kwa hiyo mkiniuliza jioni hii ninaloliomba, sitaomba jeshi lisipelekwe popote kamwe. Wenyeji wa Elgon wenyewe walililia jeshi, na mimi niliyelala salama sina haki ya kuwacheka. Ninaomba kitu ambacho hata kamanda mwenye haraka anaweza kukifanya: karani. Kila lori liwe na mtu asiye mwanajeshi, mwenye daftari, anayeandika jina la kila anayepandishwa, saa, mahali, na jina la afisa aliyeamuru. Nakala moja ibaki kwa chifu, nyingine iende kwa hakimu wa karibu kabla ya jua kuzama. Mtaniambia kwamba vitani hakuna muda wa kuandika. Jeshi linaandika kila risasi inayotoka ghalani na kila lita ya dizeli. Kurutu akipoteza kofia anajaza fomu.

Wala si wazo langu. Mkataba wa Kimataifa wa Kuwalinda Watu Wote dhidi ya Kutoweka kwa Nguvu, katika ibara ya 17, unataka daftari hilo hilo: nani amechukuliwa, lini, wapi, kwa amri ya nani, ana hali gani ya afya, na akifa, amekufaje na mwili umepelekwa wapi. Ulifunguliwa kutiwa saini mjini Paris tarehe 6 Februari 2007, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini siku hiyo ya kwanza. Hiyo ni miezi kumi na mitatu kabla ya Kapkota. Kuuridhia ni kazi ya Baraza la Mawaziri na Bunge, na kazi hiyo bado inangoja. Wabunge wa Bungoma wako hai, wana ofisi, na ofisi hizo zina milango. Ninapendekeza maswali yaanzie huko, kisha yaje kwangu. Nipo tayari kuyapokea.